Sauti ya kwanza ya neno: jinsi ya kumfundisha mtoto mdogo kuisikia kabla hujamwonyesha herufi

Mwanangu alikuwa na miaka minne siku nilipoanza kumfundisha hivi vitu, nikashika sabuni mkononi nikamuuliza, "Sabuni inaanza na nini?" Akaniangalia, akafikiri kidogo, akajibu, "Na maji." Kwake unaanza na maji ndo unapaka sabuni, na ukikaa ukalifikiria lile swali utaona alijibu sawasawa kabisa. Kwa mtoto mdogo neno na kitu ni kimoja, sabuni ni ile inayoteleza na kutoa povu, hajawahi kufikiria kwamba hilo jina "sabuni" nalo lina mwanzo na mwisho wake, kwamba linatoka mdomoni vipande vipande. Kazi yetu yote ya mwanzo iko hapo, kumfanya asikilize jina lenyewe aache kwanza kufikiria kitu, na hiyo kazi haihitaji kalamu wala daftari wala ile chati ya herufi ya ukutani.

Nasema hivi kwa sababu wengi wetu tunakimbilia herufi. Mtoto ana miaka mitatu tayari anaimba a be che de yote mpaka ze, watu wanapiga makofi, afu ukimwambia "taja kitu kinachoanza na m" anabaki anakuangalia. Sio kwamba hajui kitu, ni kwamba alichofundishwa ni wimbo. Kuimba majina ya herufi ni jambo moja, na kusikia kwamba mkono, mdomo na mlango vyote vinaanzia sehemu moja mdomoni ni jambo lingine kabisa.

Huu mwongozo ni wa mzazi au ticha wa watoto wa miaka mitatu mpaka sita hivi. Usifuate umri kwa ukali sana, fuata mtoto. Na kila siku dakika tano mpaka kumi zinatosha, ukiona bado anataka wewe acha, kesho atakuja mwenyewe.

Hatua ya kwanza: masikio tu

Herufi weka pembeni kabisa. Anza na kupiga makofi kwa kila pigo la neno: maneno marefu hapana, chagua maneno mafupi anayoyajua, ma-ma makofi mawili, sa-ma-ki matatu, ka-la-mu matatu, ki-ti mawili. Jina lake mwenyewe ndo liwe la kwanza maana hakuna neno mtoto analolipenda kama jina lake. Akishazoea makofi mbadilishie, aruke, agonge meza, ahesabu kwa vidole, mradi mwili wake ujue kwamba neno linakatika.

Lugha yetu hapa inatusaidia sana kwa sababu silabi za Kiswahili ziko wazi, karibu zote zinaishia na irabu, kwa hiyo mtoto anazikata bila kufundishwa sana. Lakini huo urahisi una gharama yake na nitaieleza huko mbele kwenye hatua ya nne, maana ndo mahali watu wengi wanakwama na kudhani mtoto ni mzito.

Kwenye hatua hii cheza pia na sentensi ambazo maneno yake yanaanza sawa. Tunga zako tu, za kuchekesha: "Simba sita wanasaka samaki saa sita." Iseme polepole ukiivuta ile s kila mahali, afu mwambie atafute neno lingine la kuongeza. Akisema "sabuni" basi simba wanasaka sabuni, hamna shida, cheka naye.

Hatua ya pili: wewe mwenyewe jifunze kutamka sauti

Hii ni ya mzazi na mwalimu. Herufi ina jina na ina sauti. Jina la m ni "me", jina la s ni "se", jina la k ni "ke". Sauti ya m ni mmmm, mdomo umefungwa. Sauti ya s ni ssss, kama upepo unaopita kwenye tundu dogo. Ukimfundisha mtoto majina peke yake afu baadaye ukamwambia aunganishe asome neno "mama", atakuambia me-a-me-a, na ukisikiliza vizuri amesoma "meamea", sio mama. Neno "kiti" litakuwa ke-i-te-i. Mtoto anahangaika, mzazi anapandisha sauti, na kumbe tatizo lilianzia kwa mkubwa.

Kuna sauti zinavutika na kuna zinazopasuka. Zinazovutika ni kama m, n, s, sh, f, v, z, l, hizi unaweza kuzishikilia mpaka pumzi iishe. Zinazopasuka ni p, b, t, d, k, g, hizi ukizitoa zimeisha. Kwa zile za kuvuta, vuta: "sssssabuni". Kwa zile za kupasuka usijaribu kuvuta maana utaishia kuvuta irabu inayofuata, badala yake zirudie haraka haraka: "k-k-k-kiti". Na jitahidi usibandike irabu nyuma yake, usiseme "ku" wala "ke", toa ile k kavu, fupi, karibu ya kunong'ona. Fanya mazoezi ukiwa peke yako kabla hujaenda kwa mtoto, sio rahisi kama inavyoonekana, mimi ile b ilinichukua siku kadhaa.

Na kama mtoto anaangalia vidio za alfabeti ya Kiingereza, jua kwamba kule a inaitwa "ei", i inaitwa "ai", na e inaitwa "ii", yani jina la e kule ndo sauti ya i huku kwetu. Ukichanganya zote mbili kwenye kikao kimoja unamvuruga. Sisemi Kiingereza ni kibaya, nasema kila kitu na wakati wake. Irabu zetu ni tano tu, a, e, i, o, u, na kila moja ina sauti yake ileile popote utakapoikuta, mtoto akizishika hizo ana msingi mzuri sana.

Hatua ya tatu: sauti ya kwanza kabisa iwe m

Watu wengi wanaanza na a kwa sababu ndo ya kwanza kwenye alfabeti. Mpangilio wa alfabeti ni wa kutafutia maneno kwenye kamusi, haukupangwa kwa ajili ya masikio ya mtoto. Mimi naanza na m na nina sababu.

Kwenye Kiswahili m inaweza kusimama yenyewe kama silabi. Piga makofi ya mkono: m-ko-no, matatu. Mguu: m-gu-u. Mlango: m-la-ngo. Mti: m-ti. Umeona? Ile m ina kofi lake peke yake, haijabandikwa irabu, kwa hiyo mtoto anaisikia ikiwa uchi kabisa bila wewe kumchambulia chochote. Konsonanti nyingine karibu zote zinakuja zimeshikana na irabu, ki, sa, ta, lakini m inajileta yenyewe. Ni zawadi ambayo lugha imetupa na sijui kwa nini hatuitumii.

Tena vifaa unavyo, ni mwili wake. Mkono, mguu, mdomo, mgongo. Mguse mkono useme "mmmkono", mguse mgongo "mmmgongo". Afu mpe kioo aangalie midomo yake inavyofungwa. Halafu mwambie ashike pua aibane kwa vidole na ajaribu kusema mmmm. Sauti inakatika papo hapo, kwa sababu hewa ya m inapitia puani. Nakumbuka binti mmoja wa miaka mitano alipofanya hivi mara ya kwanza, akaachia pua, sauti ikarudi, akabana, ikakatika, akaachia, macho yamemtoka, akaniambia "Imo humu!" akionyesha pua. Tangu siku hiyo m hakuisahau tena.

Usimwambie "hii ni herufi m". Bado. Mwambie "hii ni sauti ya mmm" basi.

Baada ya m nenda kwenye s, maana ni ya kuvuta na iko mbali sana na m, huwezi kuzichanganya. Halafu irabu a. Mpangilio wangu wa mwanzo ni m, s, a, i, k, t. Ukifika hapo angalia una maneno mangapi mkononi: mama, kaka, saa, taa, kiti, mti, mkia, sita, kata, mkasi, samaki. Yote hayo yametengenezwa na hizo sita tu. Kwa hiyo siku mtoto akianza kuunganisha atakuta ana maneno ya kweli ya kusoma. Zinazofuata ni n, u, l, o, b, e, baada ya hapo nenda na zilizobaki unavyoona. Kitu kimoja tu zingatia, usiweke pacha karibu karibu. Pacha ni p na b, t na d, k na g, f na v, s na z. Mdomo unafanya kitu kilekile, tofauti ni mtetemo wa koo tu. Ukifundisha p wiki hii b ipishe kwanza, ije baadaye p ikishakaa.

Hatua ya nne: akikuambia "sa" hajakosea

Sasa tumefika kwenye ule mtego niliousema. Unamuuliza mtoto, "Samaki inaanza na sauti gani?" Anajibu "sa." Mkubwa anasema hapana, ni s. Mtoto anashangaa maana yeye amesikia sa, na kweli samaki inaanza na sa. Amekata pale ambapo sikio lake linamwambia kata. Ukimwambia amekosea unamfundisha asiliamini sikio lake, na hicho ndo kifaa pekee alichonacho.

Mwambie, "Ndio, sa. Sasa tuimenye." Hilo neno kumenya nalitumia makusudi kwa sababu mtoto analielewa, kuna ganda na kuna cha ndani. Afu umwekee maneno yanayobadilisha irabu: samaki, sikio, soksi, sufuria. Sa, si, so, su. Yaseme mfululizo ukimwangalia usoni, sa-si-so-su, sa-si-so-su, muulize, "Ni nini ambacho hakibadiliki?" Wengine siku ya kwanza hawakupi jibu. Vuta: sssa, sssi, ssso, sssu. Rudia kesho. Rudia keshokutwa. Siku moja atakuambia "ssss" mwenyewe, bila kusaidiwa, na hiyo siku usiipite hivi hivi, mfurahie kwelikweli kwa sababu ametenganisha konsonanti na irabu yake, na kusoma kote kunasimama juu ya hilo.

Fanya hivyo hivyo na k: kalamu, kiti, kofia, kuku, kelele. Na b: baba, birika, boga, buibui, bega. Uzuri wa Kiswahili kila konsonanti unaipeleka kwenye irabu zote tano na ukapata maneno ya kweli, au angalau nne.

Kwa irabu zenyewe kuna shida ya aina nyingine, ukitafuta vitu vya kuokota vinavyoanza na o au i utachoka. Inzi, na baada ya hapo kichwa kinagoma. Suluhisho lake ni kuacha vitu na kutumia vitendo, maana vitenzi vyetu ukiviamrisha vinaanza na irabu kwa wingi sana. Amka, anza, andika. Imba, inama, inuka, ita. Oga, osha, ona, okota. Uliza, uma. Elea, eleza. Mimi gemu yangu ni hii, wewe unaita, "Iii... nama!" na mtoto anainama, "Iii... nuka!" anainuka, "Ooo... kota!" anaokota. Baada ya muda unatoa irabu peke yake, "iii", na yeye anachagua kitendo. Hapo anajifunza anakimbia, na watoto wengine huwezi kuwafundisha kwa namna nyingine yoyote.

Hatua ya tano: mfuko wa vitu

Tafuta mfuko wowote wa kitambaa, weka vitu vitano sita halisi vya sauti mbili unazofanyia kazi, tuseme m na s: mkasi wa plastiki wa kuchezea, mshumaa, mpira, sabuni, soksi, sahani ndogo. Mtoto anatia mkono bila kuangalia, anatoa kimoja, anakitaja jina, anakiweka upande wa mmm au upande wa sss.

Neno la muhimu hapo ni *anakitaja*. Kabla gemu haijaanza lazima mkubaliane majina ya vitu vyote. Wewe umechora bata yeye ameona kuku, anakuambia k na wewe unasema hapana ni b, mnabishana bila sababu na yeye ndo yuko sahihi kulingana na alichokiona. Kwa hiyo kila kadi au kitu, kwanza: "Hiki tunakiitaje?"

Na kuna mtego mwingine wa picha ambao umewaonea watoto wengi. Maneno yetu yanabadilisha mwanzo yakiwa mengi. Kitabu, vitabu. Kiatu, viatu. Jicho, macho. Jino, meno. Mtoto, watoto. Nimewahi kuona karatasi ya mazoezi ya mtoto, picha ina viatu viwili, jozi, swali linasema chagua sauti ya mwanzo, mtoto kachagua v. Ticha akamwekea alama nyekundu ya kosa, jibu lilitakiwa liwe k. Lakini picha ni ya viatu! Mtoto amesikiliza vizuri kuliko aliyetunga swali, na amerudi nyumbani akijua kwamba hajui. Iliniuma ile. Kwa hiyo picha ziwe za kitu kimoja kimoja, na kama ni kitu ambacho kwa kawaida kinakuja viwili, kama jicho, sikio, goti, bega, gusa kimoja useme jina lake, la sivyo atakuambia macho, masikio, magoti, mabega, na yote yamekuwa m. Mkono na mguu havina shida hiyo, mikono na miguu bado ni m, na hiyo ni sababu nyingine ya kuanza navyo.

Mkishachoka na mfuko chezeni "naona kitu". Unasema, "Naona kitu, naona kitu, kinaanza na kkk." Mtoto anatafuta chumbani kote. Usitake jibu ulilolifikiria wewe, kiti, kikombe, kamba, kofia, chochote chenye k ni sahihi. Halafu mwache yeye awe mwenye kuuliza, maana mtoto akiuliza ndo utajua amefika wapi. Akisema "kinaanza na mmm" huku anaangalia dirisha, umepata habari.

Hatua ya sita: sasa herufi ije

Akishaweza kukutajia sauti ya mwanzo ya maneno ambayo hamjawahi kuyafanyia mazoezi, sema manne kati ya matano, ndo unamwonyesha herufi ya hiyo sauti. Unasema, "Unaikumbuka mmm? Inaandikwa hivi." Basi. Ni kama kumwonyesha sura ya mtu ambaye sauti yake anaijua siku nyingi.

Tumia herufi ndogo, m, s, a, sio M, S, A, kwa sababu maandishi mengi atakayosoma ni ya herufi ndogo, zile kubwa zinaonekana mwanzo wa sentensi na kwenye majina tu. Herufi kubwa ya kwanza ya jina lake mfundishe, hiyo ana haki nayo.

Usiharakishe penseli. Kidole kwanza. Maria Montessori, yule daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya watoto Rome mwaka 1907, alikuwa anakata herufi za msasa na kuzibandika kwenye kibao ili mtoto apitishe vidole juu yake huku anatamka sauti, na hiyo njia bado inatumika mpaka leo kwa sababu inafanya kazi, mkono unakumbuka, jicho linakumbuka, na sikio linakumbuka kwa pamoja. Kama huna msasa tumia mchanga kwenye sinia, au herufi iliyochorwa kwa gundi ikakauka. Jambo la kuzingatia ni kwamba kila anapopitisha kidole atamke *sauti*, na aanzie pale ambapo kalamu itaanzia baadaye, la sivyo utakuja kumrekebisha kwa shida.

Na b na d zisikutane mapema, zinafanana sura, moja imegeukia huku nyingine kule, na kwa mtoto ambaye kikombe ni kikombe hata ukikigeuza, kuelewa kwamba herufi ikigeuzwa inakuwa kitu kingine ni jambo jipya kabisa. Mpe muda.

Hatua ya saba: zile zenye herufi mbili na zaidi

Kuna sauti ambazo kila moja inaandikwa kwa herufi mbili: ch ya chupa, sh ya shati, ny ya nyoka, na th, dh, gh, halafu ile ng' ya ng'ombe yenye kidoti chake cha juu. Kwa masikio hizi ni sauti moja moja na mtoto anazisikia vizuri, kwa hiyo kwenye gemu za kusikiliza zitumie tu. Zinapokuja kwenye maandishi ndo ziwe za mwisho, na uziweke kwenye kadi moja, sh pamoja, ny pamoja, usimwambie "s na h" maana hizo zikitamkwa mbali mbali hazitoi sh. Herufi c kwetu haisimami peke yake, mfundishe ch moja kwa moja. Na q na x hatuzitumii, usimpotezee muda.

Maneno kama mbuzi, ndoo, njiwa, ngoma, ndizi yaache kabisa kwenye hatua za mwanzo. Mtoto mmoja atakuambia ndoo ni n, mwingine d, mwingine nd, na wote wana hoja. Ukikutana nayo kwa bahati kubali jibu, sema "ndio, nasikia na mimi n, na kuna d nyuma yake," muendelee.

Ukiona haendi

Kwanza jiulize kama unamuuliza kwa maneno anayoyaelewa. Yule wangu wa sabuni nilipobadilisha swali nikasema, "Sikiliza mdomo wangu, sssabuni, mdomo wangu umefanya nini mwanzo?" akajibu "ssss" kwenye jaribio la pili tu. "Inaanza na nini" ni swali gumu kwa mtoto ambaye hajui kwamba neno ni kitu.

Pili, tofautisha kusikia na kutamka. Mtoto anayesema "lafiki" badala ya rafiki, au "tamaki" badala ya samaki, anaweza kabisa kuwa anasikia tofauti, ulimi ndo haujafika. Mjaribu hivi, sema wewe, "Ni lafiki au rafiki?" Mara nyingi atachagua sahihi huku akilitamka kwa makosa: "Lafiki!" kwa hasira kwamba hukumwelewa. Huyo hana shida ya sauti za mwanzo, muda utamsaidia. Kama lugha ya nyumbani kwao ni nyingine na haitofautishi r na l, mpe mazoezi ya kusikiliza zaidi na usimcheke hata mara moja, wala usiruhusu wenzake wamcheke.

Tatu, masikio yenyewe. Mtoto anayeumwa masikio mara kwa mara, au mwenye mafua yasiyoisha, anaweza kuwa na majimaji nyuma ya kiwambo cha sikio na anasikia kama mtu aliye ndani ya maji, irabu zinamfikia, s na f na t zinapotea. Kama anaongeza sauti ya televisheni kila siku, kama ukimwita kwa nyuma haitiki, kama anasema "ee?" sana, mpeleke akapimwe masikio kabla hujasema ni mvivu. Na kama amefika miaka sita, mmefanya kazi kwa utulivu miezi mingi na bado hata kukata silabi kunamshinda, ongea na mwalimu wake au mtaalamu wa matamshi mapema, usisubiri afike madarasa ya juu.

Akishaweza sauti ya mwanzo kwa maneno mapya bila kufikiri sana, geuza upande wa pili: neno linaishia na sauti gani? Hapo Kiswahili kinakuwa rahisi tena maana karibu kila neno linaishia na irabu, samaki iii, kalamu uuu, sabuni iii. Tumia mfuko uleule na vitu vilevile.